Kistari Juu ya E

Mama alikataa kupasuliwa mpaka aongee na kaka yangu. Alilisema hilo mbele ya daktari, ameketi kwenye kiti cha chuma, kiganja kimefunika tezi iliyomvimba shingoni. Tezi hiyo alikuwa nayo tangu nilipokuwa msichana mdogo. Wakati huo ilikuwa ndogo, akiificha kwa kanga, nasi tuliizoea. Mwaka ule ikakua haraka na kuanza kumbana pumzi. Akitembea kutoka sokoni hadi nyumbani kwetu, mtaa wa Kikuyu, alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache, akijifanya anasalimiana na watu. Mimi nilijua anatafuta hewa.

Daktari alikuwa bingwa aliyekuja Dodoma kwa muda tu. Alizungumza taratibu na hakuficha kitu.

"Mama, hii haifai kusubiri. Lakini niwe mkweli. Mshipa unaoendesha sauti unapita hapohapo nitakapokata. Wengine huamka sauti imebadilika. Wachache sana, sauti hairudi."

"Basi kwanza niongee na mwanangu," mama akasema. "Nikishaongea naye kwa sauti yangu mwenyewe, unikate utakavyo."

"Yuko wapi?"

"Ulaya."

Daktari akanigeukia. "Mpigie simu, dada. Mimi nipo hapa wiki chache tu. Nikiondoka itabidi mumpeleke Dar es Salaam, na sijui kama pumzi yake itavumilia safari."

Niliitikia kwa kichwa. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwamba hatuna namba ya simu ya kaka, hatuna anwani yake, na kwamba kwa miaka mingi hatujui kama yu hai.

Kaka yangu alikwenda Hungaria mimi nikiwa bado shule ya msingi. Enzi zile nchi yetu na nchi zile za ujamaa zilikuwa zikipelekeana wanafunzi. Alikwenda kusomea uhandisi wa majengo katika mji mmoja wa kusini, na katika barua yake ya kwanza alinifundisha jina la mji huo: unaandika Pecs, unasoma Pech. Nililirudia shuleni mpaka wenzangu wakachoka nalo. Kisha kule mambo yakageuka, na huku kwetu nako yakageuka. Shirika la umma alilofanyia kazi baba likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, baba akiwa mmoja wao. Barua za kaka zikakoma mwaka huohuo. Tuliandika kwenye bweni lake la zamani, kimya. Baba alipofariki tuliandika tena, kimya vilevile. Majirani wengine walisema amezamia huko na amesahau kwao. Wengine walisema amekufa, ila hawakulisema mbele ya mama.

Mama mwenyewe hakuwahi kusema hili wala lile. Siku zote alimtaja kama mtu aliyetoka kidogo.

Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali. Kompyuta tulikuwa nayo, ila mtandao haukuwa umefika mezani kwetu. Lakini karibu na soko palikuwa na duka la intaneti lililofunguliwa miaka hiyo ya kila mtu kufungua chake, lenye mashine kadhaa zilizopangwa ukutani na feni moja iliyokuwa inahamisha vumbi tu. Nikawa ninakwenda hapo kila nikitoka kazini.

Siku ya kwanza niliandika jina la mji kwenye kile kisanduku cha kutafutia, vilevile kaka alivyonifundisha: Pecs. Ukurasa ukafunguka polepole, mstari kwa mstari, kama pazia linaloshushwa. Zikatokea picha za wanaume walio vifua wazi, wametuna misuli, wamepakwa mafuta. Nikafunga haraka. Nikajaribu tena nikidhani nimekosea, wakarudi walewale. Kwenye mashine ya jirani alikuwa ameketi mzee wa kanisa letu. Alikohoa, akageuza kiti chake kidogo kuelekea mlangoni. Nilitoka kwa aibu bila kuaga.

Baadaye nilielewa kwamba neno hilo, likiandikwa hivyo, kwa Kiingereza ni misuli ya kifua. Jioni ile sikuelewa chochote. Niliona tu kwamba mji wa kaka yangu haumo duniani, na mahali pake pamekaa watu wasionihusu.

Siku iliyofuata niliandika jina la kaka. Hakukutokea kitu. Nikaongeza jina la nchi kwa Kiingereza, zikaja hoteli na ratiba za treni, nyingi mno, na kila ukurasa ulikula muda mpaka mwenye duka ananiambia dada, wengine wanasubiri. Nyumbani mama alikuwa ameshaanza kulala ameketi, ameegemea mito. Aliniuliza, "Umempata?" kama mtu anayeuliza kama nimepata vitunguu.

"Bado kidogo, mama."

Ndiyo ikawa hivyo. Ninaondoka asubuhi nikiwa na hofu, ninapiga chapa barua za watu nikiwa na hofu, ninakwenda dukani kuandika tena Pecs nikiwa na hofu.

Katika duka lile alikuwa anakuja mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima, Msandawe wa upande wa Kondoa. Nilimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa na hasira za waziwazi. Aligombana na mashine kwa sauti ya chini. Jioni moja umeme uliyumba, mashine zikazimika zote, na wakati tukisubiri ziwake nikamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye kila siku unaandika neno lilelile. Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza yote, lakini nilipoanza sikuweza kukata katikati. Alisikiliza akikuna kidevu.

"Huo mji una kistari kichwani," akasema. "Nimewahi kuuona kwenye atlasi ya shule. Juu ya ile e kuna mkwaju mdogo. Wewe umeuondoa."

"Kaka aliandika bila mkwaju."

"Aliandikia mtoto. Au mlisoma mkwaju mkadhani ni wino umeruka. Kwetu Wasandawe ukiondoa ule mlio wa kugonga ulimi kwenye neno, linabaki neno jingine au halibaki kitu. Na hao nao wana lugha yao."

Mashine zilipowaka alivuta kiti chake karibu. Hakukuwa na kitufe cha herufi ile kwenye kibodi. Akafungua ukurasa wa orodha ya miji ya Hungaria, akaushusha taratibu hadi alipouona, akapitisha kishale juu ya jina. "Kopi hapa, pesti pale. Usijaribu kuichora." Nikalinakili jina na kulibandika kama alivyosema. Ukaja ukurasa mwingine kabisa: kanisa kubwa lenye minara, chuo, mitaa yenye miti, ramani. Pécs. Nilikitazama kile kistari juu ya e nikashikwa na hamu ya kulia. Kitu kidogo kama kipande cha nywele, na kimenipotezea siku ambazo mama hakuwa nazo.

Nikaendelea kujifunza. Kwenye kurasa za kwao niliona nchi yetu ikiandikwa Tanzánia, yenye mkwaju juu ya a ya katikati, na neno tanzániai likijirudia mbele ya majina ya vitu. Mwalimu akakisia kwamba maana yake ni "wa Tanzania". Katika orodha moja ya maneno ya Kihungaria na Kiingereza tukapata mhandisi: mérnök. Nikayabandika maneno yote mawili pamoja na jina la mji, kila moja na alama zake zote. Zilikuja kurasa za kahawa yetu, za simba, za watu waliopanda Kilimanjaro. Mtu wangu hayumo.

Daktari alituma ujumbe kwa muuguzi kuuliza tumeamua nini. Nikamwambia mama labda tumtangulize yeye hospitali, kaka tutampata wakati anapona.

"Nikiwa bubu nitamwambia nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapepeta mchele, akipumzika kila baada ya mtupo. Sikuligusia tena.

Nilimwambia mwalimu kwamba hata alama hazijasaidia. Akafungua ukurasa ambao sikuwa nimewahi kuuona, wenye kisanduku kimoja na jedwali.

"Hiki ni chombo cha wafanyabiashara," akasema. "Kinakuonyesha watu wanatafuta maneno gani kwenye mtandao, ili mwenye duka ajue aandike neno lipi kwenye tangazo lake. Mimi natazamia humu kama kuna mtu yeyote anatafuta neno la kwetu."

"Yupo?"

"Sijui, maana chombo chenyewe hakiwezi kuliandika. Sauti yetu moja huandikwa kwa alama inayofanana na ya mshangao. Kikiiona kinadhani nimeshangaa, kinaifuta. Kinaniletea mifupa ya neno."

Alikuwa amekipima kwa lugha nyingi, na akanionyesha kwa uchungu wa mtu anayeonyesha nyumba yake iliyobomolewa. Neno la Kifaransa lenye mkwaju kililivua mkwaju, kikalichanganya na lile lisilo nao, kikayahesabu kama neno moja. Neno la Kijerumani lenye nukta mbili kililitenga na lisilo nazo: lenye nukta ni jingine, lisilo na nukta ni jingine, kana kwamba ni watu wawili wasiojuana. Tukaweka tanzániai. Kikatuletea tanz, kisha alama ya kuuliza, kisha niai, na chini yake hakuna kitu.

"Ondoa mkwaju," akasema.

"Si ulisema ukiondoa linaharibika?"

"Ondoa tuone."

Nikaandika tanzaniai, kavu. Jedwali likajaa. Kulikuwa na tanzaniai kave, tukajua ni kahawa kwa kuwa kwenye kurasa tulizopitia iliandikwa kávé, pamoja na mikwaju. Kulikuwa na mengine tusiyoyajua. Mwalimu alicheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Unaona? Wenyewe wamechoka kuharibiwa maneno na mashine. Wakiandika kwa haraka wanaandika bila alama. Tumewatafuta kwa Kihungaria cha vitabuni. Kaka yako hayumo vitabuni."

Nilirudi kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikaandika tanzaniai mernok, bila alama hata moja. Ukurasa ulichukua muda mrefu kuja, na nakumbuka nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yalikuja matokeo machache tu. Moja lilikuwa la kanisa dogo katika mji ule, mahali ambapo washirika huacha salamu na shukrani. Maneno yote yalikuwa kavu, yameandikwa kwa haraka. Katikati ya salamu hizo mtu alikuwa amemtaja mhandisi wa Tanzania, na mbele yake kuna majina mawili.

Mwanzoni sikuyatambua. La pili lilikuwa jina la ubatizo la kaka katika umbo la kwao. La kwanza lilianza na cs. Nikalisoma kwa sauti jinsi mji unavyosomwa, ile cs nikaitamka ch, na mdomoni mwangu likatoka jina la ukoo wetu. Wahungaria walikuwa wameliandika walivyolisikia, na wakalitanguliza mbele kama desturi yao. Ndiyo maana nilipoandika jina lake sikupata kitu.

"Mwalimu," nikasema. "Huyu hapa."

Aliinama akatazama. "Mwandikie sasa hivi, kabla umeme haujakatika."

Chini ya ukurasa kulikuwa na anwani ya barua pepe ya kanisa. Niliandika kwa Kiingereza kifupi kwamba mimi ni mdogo wake, mama ni mgonjwa, tafadhali mwambieni. Nikaweka namba ya simu ya mkononi ya jirani yetu, mtumishi wa Bunge. Umeme ulikatika muda mfupi baadaye, sikuwa na hakika kama barua imeondoka. Nyumbani sikumwambia mama. Niliogopa kumpa tumaini ambalo ningekuja kumnyang'anya. Vipi kama ni mtu mwingine wa jina letu? Vipi kama shukrani zile ni za marehemu? Sikujua Kihungaria, nilijua maneno mawili tu.

Jibu la kanisa lilikuja fupi: wanamfahamu, watampelekea habari. Baada ya hapo kimya. Nilikwenda dukani kila jioni, na wakati wa mapumziko ya mchana pia, nikifungua sanduku la barua na kulikuta tupu. Muuguzi aliniambia daktari ameanza kufunga mizigo. Mama akawa hawezi tena kumaliza sentensi bila kutua.

Kisha ikaja barua ya kaka, kwa Kiswahili. Ilianza, "Mdogo wangu mpendwa." Alisema kila mwaka alikuwa anatuandikia kwenye lile sanduku la posta la ofisini kwa baba, na barua zikirudi zimepigwa muhuri. Sanduku lile lilifungwa shirika lilipouzwa. Sisi hatukulifikiria, tulifikiria kimya chake tu. Bweni tulilokuwa tunaliandikia nalo lilikuwa limefungwa zamani. Alidhani tumehama, au tumemkasirikia kwa kuoa huko. Alisema anayo mke na mabinti wawili. Kisha akauliza, "Baba hajambo? Mwambie natamani kusikia na yeye anasemaje."

Nilikaa mbele ya mstari huo mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama mashine imekwama. Kaka yangu hakujua kwamba baba amekufa. Ningemwambiaje kwa maandishi? Lakini nikimwacha apige simu bila kujua, atamwuliza mama, na mama hana pumzi ya kulisema hilo. Nikaandika. Nilieleza alivyougua, tulivyomzika, na jinsi alivyokuwa akitaja jina lake siku za mwisho. Nikatuma, kisha nikatoka nje nikasimama kando ya ukuta wa duka, upepo wa Dodoma unanipiga mchanga usoni.

Alipiga siku ya pili yake, alasiri. Jirani alikuja mbio, kaishika simu mbele yake kama anabeba yai. Nilizungumza naye kwanza. Hakuweza kusema mengi, alikuwa analia. Nikampa mama simu.

Mama alisikiliza, akakunja uso. Akaiondoa simu sikioni mwake na kuninong'oneza, "Huyu siye."

"Ndiye, mama."

"Mwanangu hasemi hivi. Huyu anasema kama padri mgeni. Mmenitafutia mtu ili nikubali kupasuliwa."

Kweli Kiswahili cha kaka kilikuwa kimepata mapindo ya huko, na kilio kilikuwa kimemkaba. Sikuwa na cha kumthibitishia. Mama akairudisha simu sikioni, akasema kwa Kigogo, kwa ukali, salamu yetu, "Mbukwa." Kisha akamwuliza jambo ambalo sikulisikia vizuri, juu ya ndama fulani wa shamba letu la Mkonze. Akasubiri. Nikaona uso wake unalegea kidogo kidogo, kuanzia kwenye macho.

"Alikufa, ndiyo," akasema. "Na nani alimwacha akala mihogo mibichi?"

Akasikiliza tena, na akacheka, kicheko chenye mlio wa pumzi iliyobanwa. Jirani alitoka akaenda kusimama uani. Waliongea mpaka simu ya kaka ilipokatika yenyewe. Mengi hakunieleza. Alinirudishia simu, akajifunga kanga vizuri, akasema nikamwambie daktari yuko tayari.

Alipasuliwa siku za mwisho kabisa za daktari yule. Nilisubiri kwenye benchi la nje pamoja na shangazi yangu aliyetoka Mlali, na nilishindwa hata kusali sawasawa. Nilikuwa naanza sala naishia katikati. Nilimwandalia maneno ya kumfariji kama angeamka bubu. Alipoletwa wodini alilala muda mrefu. Alipofumbua macho, daktari alimwinamia.

"Mama, sema jina lako."

Alisema. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzika, ya chini kama ya mwanamume. Daktari akasema itapona kiasi, si yote. Kweli haikupona yote. Kwenye kwaya ya kanisa, alikoimba miaka yote, hakurudi tena, na watoto wa majirani walimwogopa kwa muda, wakidhani amekasirika. Lakini alipumua kimya, na usiku ule nami nililala.

Kaka alikuja na familia yake kiangazi kilichofuata. Mabinti wake waliwaamkia wakubwa shikamoo kwa kusoma kwenye viganja vyao, mahali baba yao alipowaandikia. Walikaa, wakala zabibu mpaka zikawaumiza tumbo, wakaondoka. Siku walipoondoka mama alikaa karibu na simu tuliyokwisha kununua, hakutaka kula. Kila gari lilipopita alikuwa ananiuliza, kwa sauti yake ile mpya, kama ndege yao imeshatua. Nami nilimwambia bado, mama, Ulaya ni mbali, huku ninaitazama simu kuliko hata yeye.